Tovuti Haionekani Google: Kutafuta Chanzo, Dalili kwa Dalili, kwa Wenye Tovuti wa Mtwara na Lindi

Mwenye nyumba ya wageni Mikindani, mwendesha boti Kilwa Masoko na mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho Masasi hulalamika kwa sentensi moja: "Tovuti yetu haionekani Google." Ndani ya sentensi hiyo kuna matatizo matatu yasiyofanana. Ukurasa unaweza kuwa haumo kabisa kwenye faharasa ya Google, yaani hazina ya kurasa ambazo Google imezisoma na kuzihifadhi. Unaweza kuwa umo lakini umewekwa nyuma mno. Au uko mbele, watu wanauona, na bado hawaubofyi. Tiba ya tatizo la kwanza haigusi la tatu, na fedha nyingi hupotea mtu anapolipia makala mpya wakati kosa ni tiki moja iliyosahaulika kwenye mipangilio.

Kwa huku Kusini kuna jambo la kutia moyo: kwa maneno mengi yanayohusu mikoa yetu, ushindani bado ni mdogo. Kurasa zinazoeleza kwa kina namna ya kufika Msimbati au gharama ya kulala Newala ni chache. Tovuti ya huku isipotokea, usianze kumsaka mshindani. Anza kutafuta kilichofungwa, kisha kilichokosa kuandikwa.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua Google uandike site: na mbele yake jina la domeni yako bila kuacha nafasi, mfano site:jinalako.co.tz. Isipotokea kitu, nenda moja kwa moja sehemu inayofuata. Zikitokea kurasa, zipitie kwa macho: ni zako kweli? Vichwa vyake vinaeleweka? Kuna zenye maandishi usiyoyatambua? Idadi inayotajwa hapo ni makadirio tu, usiifanyie hesabu.

Kisha sajili tovuti kwenye Google Search Console. Ni bure. Ukiulizwa aina ya usajili, chagua "Domain", kwa sababu inajumuisha anwani za http na https, zenye www na zisizo nayo. Utapewa mstari unaoanza na google-site-verification, uuweke kama rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS ya domeni, yaani mipangilio inayoelekeza domeni iende seva ipi. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba domeni iko kwenye akaunti ya fundi aliyewatengenezea tovuti. Omba akaunti hiyo ihamishiwe kwako leo, kabla ya marekebisho mengine yote. Fundi akibadilisha namba ya simu na domeni ikaisha muda wake, kazi yote itakayofuata haitakuwa na pa kukaa.

Search Console huhifadhi takwimu za utafutaji za miezi 16, na takwimu mpya huchelewa siku 2 au 3. Kwa hiyo usirekebishe kitu asubuhi ukatafuta matokeo jioni.

Usijipime kwa simu yako mwenyewe. Google huzingatia ulipo na historia yako ya utafutaji, kwa hiyo ukiwa Shangani, Mtwara, unaweza kujiona wa kwanza kwa neno ambalo mtu wa Dar es Salaam hakuoni kabisa. Kipimo cha kuaminika ni wastani wa nafasi ulio kwenye ripoti ya "Performance", ukiuchuja kwa neno moja moja na kwa nchi.

Dalili: hakuna hata ukurasa mmoja unaotokea

Kwa tovuti zilizojengwa kwa mfumo wa WordPress, chanzo cha kwanza cha kukagua ni tiki iliyoko "Settings", kisha "Reading", kwenye mstari unaoziambia injini za utafutaji zisiisome tovuti. Fundi huiweka wakati tovuti inajengwa, ili kazi isiyokamilika isionekane, halafu siku ya kukabidhi anaisahau. Iondoe, hifadhi, kisha futa kache (nakala za muda za kurasa) ikiwa tovuti ina plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya kuitunza, la sivyo Google itaendelea kupewa ukurasa wa zamani.

Kisha fungua jinalako.co.tz/robots.txt kwenye kivinjari. Ni faili linaloziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi. Ukiona mistari hii miwili ikifuatana, umepata mlango uliofungwa:

User-agent: *
Disallow: /

Mkwaju mmoja baada ya Disallow huzuia tovuti nzima. Ufute, uache Disallow: bila kitu mbele yake. Google huweza kutumia nakala ya zamani ya faili hili kwa hadi saa 24, kwa hiyo subiri siku moja kabla ya kusema halijasaidia.

Hatua ya tatu ni kuangalia msimbo wa ukurasa wenyewe. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U, kisha tafuta neno noindex, amri ya kuiambia Google isiuhifadhi ukurasa. Likiwa ndani ya mstari wa meta name="robots", limewekwa na plagini au muundo wa tovuti. Lisipokuwemo na ukurasa bado unakataliwa, linaweza kuwa limetumwa na seva kwenye kichwa cha jibu kinachoitwa X-Robots-Tag, ambacho hukioni kwa kutazama msimbo. Kifaa cha "URL Inspection" ndani ya Search Console kitakiona.

Kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Ukurasa ukiwa na noindex na wakati huohuo umezuiwa na robots.txt, Google haiwezi kuingia kuisoma ile noindex. Matokeo yake anwani inaweza kubaki kwenye matokeo ya utafutaji bila maelezo yoyote, hata kama ulitaka ipotee. Na kinyume chake: ukiondoa noindex huku robots.txt ikiendelea kuzuia, Google haitajua kwamba umeiondoa. Fungua robots.txt kwanza, kisha ushughulikie noindex.

Chanzo kingine hujificha kwenye ulinzi wa seva. Baadhi ya wenye tovuti, baada ya kushambuliwa, huomba seva izuie wageni wote wa nje ya Tanzania. Roboti ya Google husoma kurasa hasa kwa anwani za Marekani, hivyo nayo inazuiwa. Ukiwa Lindi utaona tovuti inafunguka vizuri, na Google inapewa ukurasa wa kukataliwa. Kwenye "URL Inspection" bonyeza jaribio la moja kwa moja. Jibu likiwa 403 (umekataliwa) au muda umeisha, mwambie anayehifadhi tovuti airuhusu Googlebot. Athibitishe kwa anwani ambazo Google yenyewe imezichapisha, kwa sababu roboti za wezi nazo hujiita Googlebot.

Angalia pia sehemu ya "Removals" ndani ya Search Console. Mtu akiwa ameomba anwani ifichwe, ombi hilo hudumu takriban miezi 6, na katika kipindi chote hicho marekebisho mengine hayatafua dafu.

Yote yakiwa sawa na domeni ni ya wiki mbili tu, bado hujachelewa. Tuma ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloorodhesha anwani za kurasa zako), omba ukurasa wa mwanzo usomwe kupitia "URL Inspection", na hakikisha kuna angalau tovuti moja nyingine inayokutaja kwa kiungo.

Dalili: ukurasa wa mwanzo upo, kurasa nyingine hazipo

Fungua ripoti ya "Page indexing". Sababu mbili zinazofanana majina zina maana tofauti. Iliyoandikwa "Discovered" maana yake Google inaijua anwani lakini bado haijaenda kuisoma. Mara nyingi seva ni nzito, au ukurasa hauna kiungo kinachoufikia isipokuwa ramani ya tovuti. Iliyoandikwa "Crawled" maana yake Google ilifika, ikasoma, ikaona hakuna cha kutosha kuhifadhi. Ya kwanza ni kazi ya fundi, ya pili ni kazi ya mwandishi.

Kwa "Discovered", weka viungo vya maandishi kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda kurasa muhimu. Kitufe kinachofanya kazi kwa msimbo wa JavaScript bila anwani ndani yake, Google haikifuati. Kwenye msimbo, kiungo lazima kiandikwe kwa alama ya a yenye href, sehemu inayobeba anwani. Ramani ya tovuti inaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000 au MB 50, kwa hiyo kwa tovuti yenye kurasa 40 ukubwa haujawahi kuwa tatizo. Tatizo huwa ni ramani inayoorodhesha kurasa zilizokwisha kufutwa.

Kwa "Crawled", mfano mzuri tunao hapahapa. Msimu wa korosho, tovuti nyingi huandika habari mpya kila mnada wa vyama vikuu vya ushirika: ukurasa wa mnada wa MAMCU, kesho yake wa TANECU, kisha RUNALI na Lindi Mwambao. Kila ukurasa una mistari mitatu, na maneno yanayotofautiana ni tarehe na bei tu. Kufikia Januari kuna kurasa hamsini zinazofanana kama mapacha, na Google inahifadhi mbili tatu. Mkulima wa Tandahimba anayeandika "bei ya korosho leo" anapelekwa kwenye bei ya Oktoba, au anapelekwa tovuti nyingine.

Tiba yake ni ukurasa mmoja wenye anwani isiyobadilika, tuseme /bei-ya-korosho, wenye jedwali la msimu mzima: tarehe ya mnada, chama kikuu, ghala, daraja, kilo zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini. Mnada mpya ukifanyika, ongeza mstari juu kabisa, andika tarehe ya marekebisho ionekane kwa msomaji, na chini ya jedwali eleza kwa ufupi makato na jinsi stakabadhi ghalani inavyofanya kazi, maana hayo ndiyo maswali yanayofuata bei. Kurasa za zamani zielekeze huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Msimu ukiisha, nakili jedwali kwenye ukurasa wa kumbukumbu wenye mwaka ndani ya anwani, kisha uanze upya palepale pa zamani. Anwani moja inayokua miaka mitatu huvuna viungo na imani ambayo kurasa hamsini za siku moja haziwezi kuipata.

Dalili: umo, lakini ukurasa wa nne au wa tano wa matokeo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Fungua "Performance" uangalie maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea. Mara nyingi utakuta wao wanaongea lugha moja na ukurasa wako unaongea nyingine. Ukurasa umeandikwa "malazi ya hadhi katika mandhari tulivu". Watu wanatafuta "gesti Mikindani", "lodge Mtwara bei nafuu". Google ya sasa inaelewa visawe kwa kiasi fulani, zaidi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili usiiachie ikukisie. Andika neno ambalo mteja angelitamka akipiga simu.

Tuchukue ukurasa mmoja wa nyumba ya wageni Mikindani tuukarabati. Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kwa herufi kubwa kwenye matokeo, kinasomeka "Home". Kichwa kikuu ndani kinasema "Karibu Paradiso". Chini yake kuna maneno kama 60 ya kusifu bahari na picha tisa. Bei imo kwenye tangazo la picha, lilelile linalosambazwa WhatsApp. Kwa Google, ukurasa huu haujataja Mikindani, haujataja chumba, haujataja bei. Hauna swali unalojibu.

Kichwa kipya kiwe: "Gesti Mikindani, Mtwara: vyumba, bei na usafiri". Google haina kikomo rasmi cha urefu, ila kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo jambo lenyewe likae ndani ya herufi 50 hivi za mwanzo. Kichwa kikuu ndani kifanane na hicho kwa maana. Aya ya kwanza iseme mahali kwa jina: Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini Mtwara, mtaa gani, karibu na nini kinachojulikana. Kisha bei za kila aina ya chumba kwa usiku, kwa shilingi, kwa maandishi. Kisha yale ambayo mgeni huuliza kila siku kwenye simu: feni au kiyoyozi, neti, umeme ukikatika kuna jenereta au la, maji ya moto, maegesho, chai ya asubuhi imo kwenye bei au inalipiwa. Kisha usafiri: kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara, kutoka stendi ya mabasi, bajaji au bodaboda, basi la kutoka Dar es Salaam likiingia usiku nani atampokea. Haya ndiyo maelezo ambayo tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba hazinayo, kwa sababu walioziandika hawako hapa.

Safari za kwenda Msimbati zipewe ukurasa wake. Anayetafuta ufukwe hajaamua bado atalala wapi, na maswali yake ni mengine: barabara ikoje, boti ipo, kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kinalipwa wapi na namna gani. Jibu hayo kikamilifu, kisha weka kiungo cha kumrudisha kwenye vyumba.

Tangazo la picha lenye bei usilifute, wateja wanalipenda. Ila kila kilichoandikwa ndani ya picha kiandikwe pia kwenye ukurasa. Na picha zipewe majina na maelezo mbadala yanayosema kilichomo: "chumba cha watu wawili chenye neti na feni" kinamsaidia asiyeona na kinaisaidia Google. IMG_20240713 hakimsaidii yeyote.

Majina ya mahali yana mitego yake. Anayeandika "hoteli Kilwa" anaweza kuletewa hoteli za Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Ukitazama maneno yako utaona umetokea mara nyingi bila kubofywa, kwa sababu waliokuona walikuwa Mbagala. Andika Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje au Kilwa Kisiwani, na utaje mkoa wa Lindi kwenye aya ya kwanza. Mtama nako ni vilevile: bila kuandika "Mtama, Lindi", utashindana na kurasa za nafaka.

Kurasa za vivutio hushindwa kwa kukosa mambo. "Njoo ujionee maajabu ya Kilwa" inaweza kuandikwa na mtu asiyewahi kuvuka hata Rufiji. Ukurasa wenye uzito unasema kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014. Kwamba kibali hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Kwamba boti inachukua watu wangapi na bei inagawanywaje. Vivyo hivyo kwa Tendaguru: anayeitafuta anaweza kuwa Mjerumani aliyeuona mjusi mkubwa wa kale kwenye jumba la makumbusho la Berlin, akataka kujua mahali ulikochimbwa kati ya 1909 na 1913. Mwandikie ukurasa wa Kiingereza unaomweleza njia ya kutoka Lindi mjini, hali ya barabara na aina ya gari.

Kuhusu lugha mbili: Kiswahili na Kiingereza viwe na anwani tofauti, kila kimoja kurasa zake, na viunganishwe kwa hreflang, alama kwenye msimbo inayotaja lugha ya kila ukurasa: sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza. Kila ukurasa utaje mwenzake na ujitaje wenyewe. Ukitaja upande mmoja tu, Google hupuuza. Kitufe kinachotafsiri ukurasa papo hapo kwenye kivinjari hakizalishi ukurasa mpya wa kuhifadhiwa. Na ukurasa ulio nusu Kiswahili nusu Kiingereza huishia kutowafikia vizuri wote wawili.

Usirudierudie neno "gesti Mikindani" mara ishirini. Na ule mstari wa meta keywords ambao baadhi ya mafundi bado wanautoza pesa, Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiutumii kupanga kurasa.

Dalili: unaonekana, hawabofyi

Ukurasa ulio nafasi ya tatu, umeonekana mara elfu na kubofywa mara tano, kwa kawaida una kichwa kisichojibu swali. Weka kwenye kichwa kile mtafutaji anachokitaka: bei, mwaka wa msimu, njia. Maelezo mafupi ya chini yake, meta description, hayapandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu. Sentensi mbili zenye jambo mahususi zinatosha. Google ikiona hayaendani na swali itachota sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa, ndiyo maana aya ya kwanza nayo iwe na maana ikisomwa peke yake. Kwa maswali mepesi, jibu linaweza kutokea juu ya matokeo yote na mtu asihitaji kubofya. Hilo hulirekebishi kwa kichwa. Toa ndani ya ukurasa kitu kisichoingia kwenye sentensi moja, kama jedwali lile la minada.

Dalili: tovuti inajikokota

Google inapima mambo matatu kwa watumiaji halisi, na kinachohesabika ni kwamba angalau asilimia 75 ya ziara ziwe ndani ya kiwango. Kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, kipimo cha LCP. Ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kipimo cha INP kilichochukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024. Na vitu visirukeruke wakati wa kufunguka: CLS isizidi 0.1. Tovuti yenye wageni wachache huenda isiwe na takwimu hizi kabisa. Tumia PageSpeed Insights, ambayo huiga simu ya kawaida yenye mtandao wa polepole, na usome matokeo ya simu. Google husoma toleo la simu la tovuti kwanza, kwa hiyo kilichofichwa kwenye simu usitegemee kihesabiwe.

Mkosaji mkubwa ni picha. Picha ya simu janja ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3 hadi 6. Picha tisa za MB 4 ni MB 36, na mgeni aliyeko kwenye basi Nangurukuru anazilipia kwa bando lake. Zipunguze kabla ya kuzipakia: picha ya juu iwe na upana wa pikseli 1600, nyingine 800, zote kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, yenye ubora wa 75 hadi 80. Squoosh hufanya kazi hii bure ndani ya kivinjari. Lenga KB 200 kwa ya juu na KB 80 kwa nyingine, jumla chini ya MB 1. Kila picha itajiwe upana na urefu kwenye msimbo, vinginevyo maandishi yatarukaruka. Weka loading="lazy", agizo la kuchelewesha picha hadi msomaji aikaribie, kwa picha za chini tu. Ukiiweka kwa picha ya juu, unaichelewesha ileile inayopimwa na LCP. Plagini nyingi hufanya kosa hili zenyewe, kwa hiyo kagua.

Baada ya picha, ondoa picha zinazojigeuza za ukurasa wa mwanzo, kisha vidirisha vya gumzo na video zinazopakiwa kabla hazijaguswa. Kama seva yenyewe inachelewa kutoa jibu la kwanza zaidi ya sekunde 0.8, weka kache. Isiposaidia, hamia kwingine. Kasi peke yake haitaupandisha ukurasa mtupu juu ya ukurasa wenye majibu. Tengeneza maandishi kwanza.

Dalili: kwenye ramani haupo

Matokeo ya ramani hutokana na Google Business Profile, wasifu wa biashara yako ndani ya Google, kitu tofauti na tovuti. Google inataja vigezo vitatu: kufaa, umbali na umaarufu. Umbali huwezi kuubadili, lakini pini unaweza: ikisimama katikati ya mji wa Mtwara wakati gesti iko Mikindani, unapoteza watu wote wanaotafuta wakiwa Mikindani. Jina liwe lile la kwenye kibao, bila kuongezea "bei nafuu Mtwara", maana hilo linaweza kusababisha wasifu usimamishwe. Chagua aina sahihi ya biashara, weka namba ya simu ileile iliyo kwenye tovuti, saa za kazi za kweli. Uthibitisho mara nyingi ni wa video isiyokatwa: onyesha barabara, kibao, kisha jionyeshe unafungua mlango au droo ya mapokezi. Rekodi mchana na hakikisha mtandao unatosha kuipakia. Waombe wageni maoni, usiyanunue, na ujibu hata yale machungu.

Dalili: wageni wa tovuti wameshuka ghafla

Kwanza tazama kalenda. Tovuti ya korosho ikishuka Machi haijaadhibiwa. Minada iliyoanza Oktoba imekwisha. Tovuti ya ufuta itapanda kuanzia Mei au Juni. Linganisha na miezi ileile ya mwaka jana, sio na mwezi uliopita. Mstari ukifanana, usiguse kitu.

Usipofanana, fungua "Manual actions" (adhabu zilizotolewa na watu wa Google) na "Security issues" (matatizo ya usalama) ndani ya Search Console. Kisha rudia site: ya mwanzo. Ukiona kurasa za Kijapani au za kamari chini ya domeni yako, tovuti imedukuliwa. Mwenye tovuti huwa haamini kwa sababu akiifungua anaiona safi. Wadukuzi huionyesha Google ukurasa mmoja na binadamu mwingine. Fuata mpangilio huu. Kwenye Search Console angalia orodha ya wamiliki, ondoa usiyemjua pamoja na faili au rekodi aliyotumia kujithibitisha, la sivyo atarudi. Futa watumiaji wa usimamizi usiowatambua. Pakua upya WordPress, muundo na plagini kutoka vyanzo rasmi ukitupa faili za zamani. Muundo wa kulipia uliopatikana "bure" ndio mlango wa kukagua kwanza. Kagua .htaccess (faili la maagizo ya seva) na folda ya picha, ambamo hakupaswi kuwa na faili za PHP. Badilisha nywila zote, pamoja na ya hifadhidata na ya barua pepe. Kurasa bandia zijibu 404 au 410, namba za kusema ukurasa haupo. Ndipo uombe uhakiki, ukieleza ulichokuta na ulichofanya. Ukiomba kabla ya kusafisha, utakataliwa na kupoteza muda.

Kama kushuka kumeanza baada ya kununua kifurushi cha viungo mia kwa bei chee, chanzo umeshakipata. Viungo vya kununuliwa vinakiuka sera za Google, na katika hali nzuri kabisa hupuuzwa tu. Kiungo kimoja kutoka halmashauri, chuo, au mwandishi wa safari aliyelala kwako kina thamani kuliko vyote hivyo.

Kushuka kukianza wiki ya kubadilisha domeni au muundo wa tovuti, tafuta anwani zilizokufa. Toa orodha ya kurasa zilizokuwa zikibofywa kabla ya mabadiliko, na kila moja ielekezwe kwa 301 kwenye mwenzake mpya. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo Google huzihesabu kama kurasa zisizopatikana. Kwa domeni mpya tumia pia kifaa cha "Change of address". Uelekezaji uache kwa mwaka mmoja angalau, na domeni ya zamani uendelee kuilipia muda wote ambao jina lake bado liko kwenye kibao cha barabarani, risiti na kadi ulizogawa.